Hakuna Aliyestahili Kuungua

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, lori la mafuta lilipinduka jirani na kituo cha mabasi cha Msamvu, mjini Morogoro. Petroli ikamwagika, watu wakajaa, wengine na madumu mkononi, wengine kutazama tu, wengine wakiwa wapita njia wenye hamsini zao. Moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100: wapo walioteketea pale pale, na wapo waliokata roho wodini siku na wiki zilizofuata. Taifa likatangaziwa siku tatu za maombolezo. Na ndani ya siku hizo hizo tatu, kwenye daladala, vibarazani, kwenye simu za viganjani na hata kwenye baadhi ya mimbari, hukumu ikawa imeshatolewa: walijitakia. Tamaa imewaponza. Wamevuna walichopanda.

Hukumu hii nimeisikia mara nyingi hata nimejua inavyokwenda. Anayeitoa husikitika kwanza, anatikisa kichwa, anasema "jamani, inauma". Halafu inakuja "lakini". Lakini nao. Lakini mtu mzima na akili zake. Lakini mafuta si yao. Baada ya hapo kikao kinalegea, watu wanashusha pumzi, mada inabadilika. Ni huko kushusha pumzi ninakokuandikia makala haya. Imani kwamba dunia humlipa kila mtu kile anachostahili, ambayo kwetu hurithishwa kama hekima ya wazee na uchaji Mungu, ndiyo inayotufanya tuwe wakatili kwa walioumia na wapole kwa waliopaswa kuwalinda. Wanaoishika si watu wabaya. Wengi wao huchangia misiba, hulea mayatima, hutoa sadaka kwa siri. Hatari yake iko hapo: huwawezesha watu wema kuwasema vibaya maiti, tena kwa dhamiri nyeupe.

Tuanze na hiyo tamaa. Wengi waliokuwa pale Msamvu walikuwa vijana wa bodaboda. Dereva asiye na pikipiki yake hudaiwa hesabu na tajiri kila jioni, elfu saba, wengine hadi elfu kumi, abiria wawepo wasiwepo, mvua inyeshe isinyeshe. Mafuta ananunua mwenyewe, na lita moja wakati ule ilizidi shilingi 2,000. Kidumu cha lita tano, basi, ni hesabu ya siku nzima kwa wengi wao. Hicho ndicho kilichokuwa kinamwagika mtaroni mbele ya macho yake, kitu ambacho muda si mrefu ardhi ingekinywa, kisimfae mwenye lori wala kiumbe mwingine. Sisemi alifanya vyema kuchota. Nasema kwamba sisi tunaojaziwa tangi na ofisi, au tunaolipia kwa simu bila kutazama bei, hatukubaki nyumbani siku ile kwa sababu ya uadilifu wetu. Jaribu lile halikutufikia. Na tunapoliona likiwafikia wengine, tunajipa cheti cha mtihani ambao hatukuufanya.

Na huyo kijana alijua nini kuhusu hatari? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai kama moshi. Hutambaa chini, hufuata mitaro na mabonde, na waweza kufika mbali kabisa na pale mafuta yalipomwagika. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa jua la Morogoro haiachi kuutoa hata dakika moja. Mvuke ukifika kama asilimia moja na nusu ya hewa, cheche tu inatosha: pikipiki inayopigwa kiki, betri inayochomolewa, sigara, jiko la mama lishe ng'ambo ya barabara. Pua nayo huzoea harufu haraka, hivyo anayekaa hapo muda mrefu huona harufu kama imepungua wakati hatari imezidi. Moto ukija hautokei upande mmoja ili mtu akimbilie upande wa pili. Unawaka pale pale alipo, magotini mwake, maana amesimama ndani yake. Wanaosafirisha mafuta wanayajua haya, wamefundishwa, na tangi limebandikwa alama za hatari. Mwenye dumu hakufundishwa na mtu. Alichojua ni kwamba mafuta yakikaribiwa na kiberiti yanawaka, na yeye hakuwa na kiberiti.

Tena hukumu ile haikujali nani alichota na nani hakuchota. Walioungua walikuwamo waliokuwa wakipita, waliokuja kuvuta jamaa zao watoke pale, waliosimama kushangaa. Wote waliingizwa kapu moja. Hapo ndipo anayetaka kujua ukweli angepaswa kushtuka: kama hukumu inamshukia mwenye dumu na asiye na dumu sawasawa, basi haikutokana na dumu. Ilikuwa tayari vichwani mwetu, ikisubiri maiti wa kuwashukia.

Nenda Sange, kwa wenzetu wa Kivu Kusini, katika uwanda wa Ruzizi. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka katika mji ule mdogo, moto ukaua zaidi ya watu 230. Wapo waliokuwa wakichota, hilo ni kweli. Lakini wengi walikuwa ndani, kwenye mabanda ya video, maana jioni ile palikuwa na mechi ya Kombe la Dunia, na moto ukawafuata walikokaa. Niambie ni dhambi gani iliyolipwa pale. Hata hivyo, mwulize leo anayekumbuka kidogo tu habari za Sange, atakwambia ni "wale waliokuwa wanaiba mafuta". Kumbukumbu imewasahau watazamaji wa mpira kwa kuwa watazamaji wa mpira hawatufai. Tunamhitaji mwizi ili usingizi uje.

Nairobi nako ni hivyo hivyo. Tarehe 12 Septemba 2011 bomba la mafuta lilivuja katika kitongoji cha Sinai, eneo la Mukuru, petroli ikaingia kwenye mtaro wa maji machafu unaopita kati ya mabanda, ikalipuka, watu wapatao 100 wakafa. Ikasemwa: tamaa, na pia waliambiwa wahame juu ya bomba. Wahamie wapi, kwa kodi gani, karibu na kibarua kipi, halikuulizwa kwa sauti ile ile. Halafu ikaja Embakasi, usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2024. Gesi ililipuka kwenye kituo cha kujazia mitungi kilichokuwa katikati ya makazi, watu wakafa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Hapo hakukuwa na dumu. Watu walikuwa majumbani mwao. Mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya yenyewe ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo mahali pale mara tatu katika mwaka 2023. Na bado nilisikia watu wazima wakiuliza: nao walikaaje karibu na gesi? Ukiona mtu aliyelala kitandani kwake anatafutiwa kosa, jua kwamba kosa si chanzo cha hukumu. Hukumu ndiyo inayotafuta kosa.

Kwa nini tunafanya hivi? Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani, Melvin Lerner, na mwenzake Carolyn Simmons walichapisha jaribio ambalo kila mhubiri na kila mtangazaji wa redio angefaa alijue. Wanafunzi wa kike wa chuo waliketi kumtazama mwanamke mwenzao akifanya mtihani wa kujifunza maneno, na kila akikosea anapigwa shoti ya umeme. Alikuwa anaigiza, shoti haikuwapo, lakini wao hawakujua. Walichokiona ni mtu anajikunja kwa maumivu bila kosa lolote la kustahili mateso. Baadhi yao walipewa nafasi ya kuyakomesha mateso yale, na wengi waliitumia. Wengine waliambiwa tu kwamba mateso yataendelea. Baadaye wakaombwa wampime tabia: anapendeza? ni mtu wa heshima? Waliopata nafasi ya kumwokoa hawakumshusha sana. Waliokosa nafasi hiyo ndio waliomshusha. Na walimshusha zaidi ya wote pale walipoambiwa kwamba mwanamke yule amekubali kuteswa kwa faida yao wao.

Nimelitafakari jaribio hili kwa muda mrefu, na kila nikilirudia naona ni sisi. Kwanza tunaona mtu anaumia. Pili tunagundua hatuna la kumfanyia, au hatuko tayari kulifanya. Tatu, kwa kuwa hatuwezi kuondoa maumivu, tunaondoa thamani ya anayeumia, ili hesabu ikubali. Kumbe lile "walijitakia" halitoki kwenye uchunguzi wa matendo ya marehemu. Linatoka kwenye hofu yetu sisi tulio hai: kama yule hakustahili, basi hata mimi naweza kuungua kesho nikiwa sijakosa kitu. Hiyo habari ni nzito. Afadhali awe mwizi.

Miaka michache baadaye, mwaka 1971, watafiti wengine wa huko huko, Zick Rubin na Anne Peplau, waliwafuatilia vijana waliokuwa wanasikiliza bahati nasibu ya kuandikishwa jeshini zama za vita vya Vietnam. Tarehe za kuzaliwa zilikuwa zinachomolewa na kupangiwa namba, na namba ikiwa ndogo, mwenyewe yuko karibu zaidi na vita. Hakuna bahati nasibu iliyo tupu kuliko hiyo. Hakuna kijana aliyechagua siku ya kuzaliwa. Vijana wengi waliwahurumia wenzao walioangukiwa. Lakini wale walioamini kwa nguvu kwamba dunia ina haki ndio walioelekea zaidi kuwachukia walioangukiwa. Karatasi imechomolewa kwenye chombo, na mtu anaona upungufu ndani ya mwenzake.

Najua nitakachojibiwa: hayo ni ya Wazungu, sisi tuna utu. Basi twende Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa huko mwaka 1983. Kabla watu hawajajua ni virusi, ugonjwa uliitwa Juliana, jina la vitambaa vilivyokuwa vinaingia kwa magendo kutoka Uganda, na maelezo yaliyoshika kasi yalikuwa kwamba wafanyabiashara wa magendo waliwadhulumu wenzao ng'ambo ya mpaka, wakarogwa. Mwenye kukonda kalipwa dhuluma yake. Virusi vilipojulikana, maelezo yalibadilika lakini mhimili ukabaki ule ule: sasa mwenye kukonda kalipwa uzinzi wake. Mke aliyeambukizwa na mume wake wa ndoa akawekwa humo. Mtoto aliyezaliwa nao akawekwa humo pia, kwa dhambi za wazazi. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, palikuwa na watu waliopita kliniki ya jirani wakapanda gari kwenda kuchukua dawa wilaya nyingine, wasije wakaonwa na shemeji kwenye benchi la kliniki hiyo. Nauli ikikosekana, dawa zinakatika. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na imani yetu ya haki: ilimweka mgonjwa mbali na kidonge. Hukumu haikumzuia mzinzi hata mmoja. Iliwaua wagonjwa.

Sasa nifike kwenye dini, maana ndiko wanakojificha wengi wa wanaotetea mtazamo huu, na ndiko ninakoona hoja yao ni dhaifu kuliko kote. Kitabu cha Ayubu ni mjadala mrefu juu ya jambo hili hili. Marafiki watatu wanakuja kumpa pole mtu aliyepoteza watoto, mali na afya, na kwa sura nyingi wanamwambia, kwa lugha nzuri na kwa heshima, kwamba lazima kuna alichokosa. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao marafiki. Anasema hawakunena vyema, na wanasalimika kwa kuombewa na yule yule waliyemhukumu. Katika Injili ya Luka, mnara wa Siloamu unaanguka na kuua watu 18, na Yesu anawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Anajibu mwenyewe: sivyo. Kweli, hapo hapo anaita watu watubu. Lakini tazama anaowaita: ni wasikilizaji waliosalimika. Marehemu hawaguswi. Nasi tumeigeuza: tunawatubisha wafu, waliosalimika tunawapongeza.

Upande wa Waislamu, Sura ya al-Fajr inamtaja mwanadamu ambaye akineemeshwa husema Mola amemkirimu, na akibaniwa riziki husema Mola amemdhalilisha. Kinachofuata ni kukanusha moja kwa moja, halafu lawama inageuzwa: hamumkirimu yatima, hamhimizani kulisha maskini. Yaani aliyekuwa anasoma neema na dhiki kama matokeo ya mtihani wa tabia anaambiwa kasoma vibaya, na mtihani wenyewe ni namna anavyomtendea mwenye dhiki. Na Nabii Ayubu, anayeheshimiwa na dini zote mbili, hakuugua kwa dhambi. Kwa hiyo anayesimama mbele ya waumini akasema waliochomeka Msamvu walilipwa, asiseme kwamba ni maandiko yanayosema. Aseme ni yeye.

Imani hii ina upande wa pili ambao hatuusemi kwa kuwa unapendeza. Kama aliyeumia amestahili, basi aliyenawiri naye amestahili. Mwenye fedha akiingia kwenye harambee anawekwa mbele, anapewa kipaza sauti, anaombwa ushauri juu ya ndoa na malezi, vitu ambavyo fedha zake hazikumfundisha. Ukiuliza mali ilipatikanaje unaitwa mwenye wivu. Methali tunayo: ukiona vyaelea, vimeundwa. Ni sawa, vimeundwa. Lakini methali haikusema vimeundwa na anayevipanda. Upole huu kwa walio juu ndio unaorudi kutudhuru njiani. Lori likipinduka, nani anauliza matairi yalikuwa na hali gani? Dereva alikuwa ameendesha saa ngapi bila kulala, kwa amri ya nani? Anayemiliki magari makubwa amebarikiwa, na aliyebarikiwa hahojiwi. Anayehojiwa ni mwenye dumu, ambaye amekufa na hawezi kujibu.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, na sitalipita haraka. Mjane aliyenyang'anywa kiwanja na mashemeji, aliyekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa akaambiwa arudi kesho, aliyekwenda kwenye baraza la kata akakuta mashemeji wameshatangulia na bahasha, anarudi nyumbani, anakaa kwenye mkeka na kusema: malipo ni hapa hapa duniani. Ananiuliza: na hilo nalo unaninyang'anya?

La hasha, mama. Maneno yake na ya jirani anayewasema waliochomeka yanafanana kwa sauti tu. Mjane anayaelekeza juu, kwa mwenye nguvu aliyemdhulumu, nayo ni dai: haki yangu haijalipwa, na siachi kuidai. Jirani anayaelekeza chini, kwa aliyekwisha kuanguka, nayo ni risiti: haki imeshalipwa, faili lifungwe. Wa kwanza anasema dunia haiko sawa na lazima iwekwe sawa. Wa pili anasema dunia iko sawa, tuendelee na chai. Tuna mazoea ya kuwaweka wawili hawa katika imani moja, wakati ni mahasimu. Na hata kwa mjane nina la kusema, kwa upendo: mashemeji zake nao huyapenda maneno yale. Mtu aliyekwisha kumwachia Mungu hatakwenda kwa msaidizi wa sheria, hatakata rufaa, hatasimama mkutanoni. Wanaolala usingizi mzuri kwenye kiwanja cha dhuluma ni wale waliohakikishiwa kwamba malipo yatajileta yenyewe.

Pingamizi lingine ni la wazazi na walimu: tukiacha kusema hivyo, watoto tutawafundishaje kuwa makini? Si wataona kila kosa halina matokeo? Hapa watu wanachanganya mambo mawili ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuyatenganisha akielezwa. Tendo huwa na matokeo. Matokeo si adhabu. Aliyesogelea petroli iliyomwagika aliungua kwa kuwa mvuke uliwaka, na mvuke hauna habari na nia ya mtu. Ungemuunguza na zimamoto aliyekuja kuokoa, na mtoto aliyetumwa chumvi. Na tukisema ni adhabu, tutaje basi sheria iliyovunjwa na kiwango cha hukumu yake. Hakuna mahakama Tanzania, Kenya wala Congo inayomhukumu mwizi wa lita tano za mafuta achomwe hadi kufa. Hukumu hiyo inatolewa na watu wa aina moja tu, wale ambao magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali, wanaomvisha tairi kijana aliyekwapua simu. Wengi wetu tunalaani vitendo vile. Lakini anayesema waliochomeka Msamvu walistahili ameshakubali kwamba wizi mdogo unalipwa kwa moto. Amebaki kutofautiana na wenye tairi juu ya nani awashe kiberiti.

Mtoto afundishwe mvuke. Aambiwe petroli iliyomwagika haikaribiwi hata kwa kutazama, kwamba unakaa mbali, upande unakotoka upepo na juu ya mwinuko, kwamba pikipiki haiwashwi na simu haichezewi karibu na hapo. Somo hili linachukua nusu saa, na litamwokoa. Somo la tamaa halimwokoi, kwa kuwa kila mtoto anajiona hana tamaa, na siku ya siku atajua yeye anafuata lita mbili tu za kumsaidia baba, si tamaa hiyo.

Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan karibu na Molo, nchini Kenya, lori la mafuta lilipinduka, watu wakachota, moto ukaua zaidi ya 100. Ilikuwa habari ya kanda nzima, Morogoro waliisikia. Ilikuja Sange mwaka uliofuata, ikaja Sinai, ikaja Msamvu baada ya miaka kumi. Kila mara palikuwa na muda kati ya ajali na moto, muda ambao ungetosha kufanya mambo yanayojulikana: kusimamisha magari pande zote mbili, kuwasukuma watu nyuma kabla hawajawa mia, kumtumia mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda ambaye vijana wanamsikiliza kuliko askari, kutangaza kwa vipaza sauti vya msikiti na kanisa, kuleta povu na si maji. Na kila mara waliobaki hai walihitaji wodi ya majeraha ya moto, na majeruhi wa Msamvu walisafirishwa kilomita zinazokaribia 200 hadi Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kuitafuta.

Tungekuwa tunaamini kwamba wale watu hawakustahili, tungekuwa tumeudai huo muda kwa jina: dakika ngapi zilipita, nani alifika kwanza, alikuwa na nini mkononi, aliyepaswa kufika alikuwa wapi. Tungeuliza ni hospitali gani za mikoa zilizo kando ya barabara kuu, Morogoro, Dodoma, Iringa, Mbeya, zenye vitanda vya wagonjwa wa moto na wauguzi waliofundishwa kuwahudumia. Tungeuliza kila mwaka, bungeni na kwenye vikao vya halmashauri, mpaka majibu yatoke. Malori yanapita Msamvu usiku na mchana, na tangi moja hubeba lita elfu thelathini na kitu. Maswali hayo yaanze kuulizwa leo, lori lingine likiwa bado liko njiani na magurudumu yake yote yakiwa chini.